Wageni wa Machinjioni

Aprili 22, 2020, wataalamu wa CDC, taasisi ya serikali ya Marekani inayodhibiti magonjwa, waliandika waraka kuhusu kiwanda kimoja cha nyama ya nguruwe mjini Sioux Falls, jimbo la South Dakota. Kiwanda hicho cha kampuni ya Smithfield kilikuwa na wafanyakazi wapatao 3,700, na korona ilikuwa imeenea humo kwa kasi iliyoutisha mji mzima. Waraka ulieleza kuwa wafanyakazi wale walizungumza lugha zipatazo 40, ukazitaja kumi zilizokuwa na wasemaji wengi: Kiingereza, Kihispania, Kikunama, Kiswahili, Kinepali, Kitigrinya, Kiamhari, Kifaransa, Kioromo na Kivietinamu.

Msomaji wa Kigoma au Bukavu ana haki ya kuuliza Kiswahili kilifikaje kwenye machinjio ya katikati ya Marekani, maelfu ya maili kutoka ziwa Tanganyika. Jibu lake lina umri wa zaidi ya miaka 150. Ninalisimulia kwa urefu kwa sababu asiyelijua ataamini kwamba waliougua mwaka ule waliugua kwa bahati mbaya tu, na hilo si kweli.

Siku ya Krismasi ya mwaka 1865, miezi michache baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika, yalifunguliwa Chicago mazizi makubwa yaliyoitwa Union Stock Yards. Reli zilileta hapo ng'ombe, nguruwe na kondoo kutoka nyanda za magharibi, na matajiri kama Philip Armour na Gustavus Swift wakajenga viwanda vyao ubavuni mwa mazizi hayo. Swift alifanikiwa kusafirisha nyama mbichi kwa mabehewa yaliyopozwa kwa barafu, na tangu hapo ng'ombe aliyechinjwa Chicago aliweza kuliwa New York.

Badiliko kubwa zaidi lilikuwa ndani ya machinjio yenyewe. Zamani mchinjaji alikuwa fundi kamili: alichinja, akachuna, akapasua, akagawa mafungu, na ilimchukua miaka kujifunza. Chicago walimtundika mnyama kwenye reli ya juu, akawa anasogea mbele ya watu waliosimama mahali pamoja, kila mmoja na kisu chake na mkato wake mmoja. Huyu anapasua tumbo, yule anatoa utumbo, wa tatu anachuna mguu wa kushoto, siku nzima, mnyama baada ya mnyama. Henry Ford aliandika baadaye kwamba wazo la kuunganisha magari kwenye mstari unaotembea lilitokana na mtambo huo wa wachinjaji wa Chicago.

Kwa mwenye kiwanda faida ilikuwa mara mbili. Kazi ilikwenda mbio, na fundi hakuhitajika tena. Mkato mmoja mtu hujifunza kwa siku chache, hata kama jana ndiyo alishuka kwenye treni na hajui neno la Kiingereza. Anayelalamika ataondoka, na langoni kila asubuhi kuna kundi linalongoja nafasi yake. Hapa ndipo ninapoona mzizi wa yote yaliyofuata. Kazi iligawanywa mpaka ikawa ya mtu yeyote, na ilipokuwa ya mtu yeyote, ikaangukia mikononi mwa asiye na pengine pa kwenda.

Walianza Waayalandi na Wajerumani. Watoto wao walipopata kazi bora, wakaja Wacheki, kisha Wapolandi, Waslovakia na Walithuania, wakajazana kwenye nyumba za mbao nyuma ya mazizi, karibu na kijito kilichochemka kwa taka za machinjio. Mwaka 1904 wafanyakazi waligoma. Wenye viwanda wakawaleta watu weusi kutoka majimbo ya Kusini ili kuvunja mgomo, na mgomo ukavunjika. Chuki iliyopandwa siku zile kati ya mzungu mhamiaji na mweusi mzaliwa wa Marekani ilikuja kuvunwa baadaye kwa damu.

Mwaka huohuo kijana mwandishi, Upton Sinclair, alikaa wiki saba katika mtaa ule akiwahoji watu. Riwaya yake, *The Jungle*, ilitoka kama kitabu mwaka 1906, na shujaa wake ni Mlithuania anayesagwa na machinjio pamoja na familia yake yote. Sinclair alitaka wasomaji wamwonee uchungu mfanyakazi huyo. Wao walishtushwa na habari za nyama iliyooza na panya ndani ya soseji. Juni 30, 1906, Rais Theodore Roosevelt alitia saini sheria mbili, moja ya ukaguzi wa nyama na nyingine ya usafi wa chakula na dawa. Wakaguzi wa serikali wakaingia machinjioni kumlinda mlaji. Mikono iliyokatika na mapafu yaliyooza kwa unyevu havikuwamo katika sheria hizo. Sinclair mwenyewe alisikitika hadharani kwamba alilenga mioyo ya watu akapiga matumbo yao.

Vita Kuu ya Kwanza iliziba njia ya wahamiaji kutoka Ulaya, na viwanda vikageukia Kusini. Maelfu ya watu weusi walipanda treni kwenda Chicago wakikimbia umaskini na mauaji ya makundi ya wazungu. Machinjioni walipewa sakafu ya kuchinjia penye damu na joto, na vyumba vya chini vya ngozi ambako chumvi na maji viliwachubua mikono na miguu. Wanawake weusi waliwekwa kwenye kusafisha matumbo na utumbo. Idara ya kukata bekoni, safi na kavu, ambako wageni walipitishwa kutazama kiwanda, ilibaki ya wanawake wazungu. Julai 1919 ghasia za kibaguzi zilizuka Chicago, wakafa watu 38, weusi 23 na wazungu 15, na mtaa wa machinjio ulikuwa miongoni mwa sehemu zilizowaka.

Baada ya hapo kilikuja kipindi ambacho kwa kawaida hupitwa haraka, nami sitaki kukipita. Katika miaka ya 1930 wafanyakazi weusi na wazungu wa Chicago walianza kujipanga pamoja, na mwaka 1943 wakawa na chama cha taifa, United Packinghouse Workers of America. Viongozi wake walikuwa wameonja matunda ya utengano mwaka 1904 na 1919, wakaamua kuupiga vita ndani ya viwanda vyao wenyewe. Walidai wanawake weusi waingizwe kwenye zile idara safi, na katika viwanda kadhaa wakashinda. Mishahara ikapanda mpaka ikapita wastani wa viwanda vingine nchini. Kwa takribani kizazi kimoja mchinjaji wa Marekani aliweza kununua nyumba na kusomesha watoto. Kazi ilikuwa ileile ya visu na damu. Waliokuwa wamebadilika ni wafanyakazi, ambao sasa walikuwa na sauti ya kusema kasi ipunguzwe na mwenzao aliyeumia atibiwe.

Kampuni mpya ndiyo iliyovunja utaratibu huo. Iowa Beef Packers, iliyojulikana baadaye kwa herufi IBP, ilianzishwa mwaka 1960 na kujenga kiwanda chake cha kwanza katika mji mdogo wa Denison, Iowa. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: mpeleke mchinjaji kwenye ng'ombe, mbali na jiji na mbali na chama. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 nyama ilikatwa vipande palepale, ikafungwa kwenye maboksi na kupelekwa madukani, na wauza nyama wenye ujuzi mijini wakapoteza kazi. Washindani walilazimika kuiga au kufa. Mazizi ya Chicago yalifungwa mwaka 1971. Mgomo wa kiwanda cha Hormel huko Austin, Minnesota, ulioanza mwaka 1985, ulishindwa, na kufikia wakati huo mishahara ilikuwa ikishuka huku kasi ya mstari ikipanda.

Miji midogo haikuwa na watu wa kutosha wa kufanya kazi hiyo kwa mshahara huo, nayo kampuni ililijua hilo kabla ya kujenga. Mwishoni mwa mwaka 1980 IBP ilifungua karibu na Garden City, Kansas, kiwanda kilichohesabiwa kuwa kikubwa kuliko vyote vya nyama ya ng'ombe duniani. Waliofika mapema ni wakimbizi wa Vietnam. Wakafuata Wameksiko na Waguatemala, wengi wao bila vibali. Mtu asiye na kibali haendi kuripoti kwamba mkono umevimba kwa kurudia mkato uleule mara maelfu kwa zamu moja. Anafunga kitambaa na kurudi kwenye mstari.

Desemba 12, 2006, maofisa wa uhamiaji walivamia kwa siku moja viwanda sita vya kampuni ya Swift, kutoka Cactus, Texas, hadi Worthington, Minnesota, wakakamata watu wapatao 1,300. Mei 2008 waliingia Postville, Iowa, mji wa watu elfu mbili na kitu, wakakamata 389. Makampuni yakahitaji haraka watu ambao wangekubali kazi hiyo na ambao hakuna ofisa angeweza kuwakamata.

Watu hao walikuwapo. Mkimbizi aliyeletwa Marekani na serikali yenyewe alikuwa na ruhusa ya kufanya kazi tangu siku aliyotua. Alikuwa pia na haraka. Msaada wa mapokezi ulidumu siku 90 tu, na nauli ya ndege iliyomleta ilikuwa mkopo aliotakiwa kuulipa. Wasomali waliingia Greeley, Colorado, na Grand Island, Nebraska, na mwaka 2008 wakagombana na wasimamizi kuhusu muda wa kufuturu na kusali Ramadhani. Waliingia Waburma. Waliingia Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 na kuishi ukimbizini zaidi ya miaka 30, ambao Marekani ilianza kuwapokea mwaka 2007. Kisha, hasa kuanzia mwaka 2013, wakaja Wakongomani: Wabembe wa Fizi, Banyamulenge, watu wa Uvira na Kivu nzima, waliokaa Nyarugusu mkoani Kigoma, Kakuma nchini Kenya, au Nakivale na Kyangwali nchini Uganda. Wengi wa vijana wao walikuwa wamezaliwa makambini. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, na ndivyo Kiswahili kilivyofika Sioux Falls, kwenye kiwanda cha kampuni ya John Morrell, iliyokuwa hapo tangu mwaka 1909, ikanunuliwa na Smithfield mwaka 1995, nayo Smithfield ikanunuliwa na kampuni ya Kichina mwaka 2013.

Machi 19, 2020, serikali ya Marekani ilitoa orodha ya kazi ambazo nchi haiwezi kuishi bila hizo wakati wa mlipuko. Usindikaji wa chakula ulikuwamo. Ofisi zilifungwa, mabosi wakaingia kwenye mikutano ya video nyumbani kwao, na mchinjaji akaambiwa yeye ni mfanyakazi muhimu. Utafiti uliotolewa mwezi uliofuata na kituo cha CEPR cha Washington ulionyesha kuwa asilimia 51.5 ya wafanyakazi wa mstari wa mbele wa viwanda vya nyama walizaliwa nje ya Marekani, wakati kwa wafanyakazi wote nchini ni asilimia 17. Asilimia 44.4 walikuwa Walatino na asilimia 25.2 weusi.

Mgonjwa wa kwanza wa kiwanda cha Sioux Falls alithibitishwa mwishoni mwa Machi. Viongozi wa wafanyakazi walisema walikuwa wameomba hatua za kinga mapema mwezi huo. Hewa ya kiwanda cha nyama ni baridi, mashine zinanguruma kiasi kwamba lazima upaze sauti karibu na sikio la mwenzako, na mstari hauruhusu nafasi kati ya mtu na mtu. Watu wanavaa nguo za kazi pamoja, wanakula pamoja kwenye kantini, wanarudi nyumbani ndani ya gari moja. Kampuni iliahidi bonasi ya dola 500 kwa atakayefanya kazi mwezi wa Aprili bila kukosa zamu. Kwa mwenye deni la ndege na kodi ya nyumba, na mama anayesubiri hela Nyarugusu, dola 500 ni sababu tosha ya kumeza dawa ya homa na kwenda kazini. Sioni ujinga katika uamuzi huo. Ninaona mtu aliyewekewa njia moja.

Kiwanda kilitangaza Aprili 12 kwamba kinafungwa. Baadaye CDC ilichapisha hesabu kamili. Kati ya Machi 16 na Aprili 25, wafanyakazi 929 kati ya 3,635 waligundulika kuwa na ugonjwa, yaani asilimia 25.6. Wawili walikufa katika kipindi hicho. Wanaolipwa kwa saa waliambukizwa kwa asilimia 26.8, wenye mishahara ya mwezi kwa asilimia 14.8. Idara zilizoumia zaidi ni za kuchinja na kukata, karibu asilimia 30 kila moja, zile ambazo watu wake walisimama chini ya futi sita kutoka kwa jirani.

Huko Waterloo, Iowa, kiwanda cha nyama cha kampuni ya Tyson chenye watu wapatao 2,800, wakiwamo Wakongomani, Wabosnia, Waburma na watu wa visiwa vya Marshall, kilikuwa na hadithi inayofanana. Mkuu wa polisi wa kaunti, Tony Thompson, alikitembelea Aprili 10 akatoka na hofu, akataka kifungwe. Kilifungwa Aprili 22, na waliogundulika kuambukizwa wakapita 1,000. Desemba ya mwaka huo Tyson iliwafukuza mameneja saba wa Waterloo baada ya uchunguzi kuhusu madai ya kutisha, kwamba walicheza kamari ya kubashiri ni wafanyakazi wangapi wataugua.

Lawama zilianza kutolewa kabla maiti hazijazikwa. Msemaji wa Smithfield aliwaambia waandishi kwamba watu wa tamaduni fulani wanaishi tofauti na familia ya kawaida ya Kimarekani. Waziri wa Afya, Alex Azar, aliwaambia wabunge kwa simu kwamba tatizo liko zaidi kwenye maisha ya nyumbani na ya kijamii ya wafanyakazi kuliko kiwandani. Mei 5, Jaji Mkuu wa Wisconsin, Patience Roggensack, akiwa kitini, alisema maambukizi ya kaunti ya Brown yametoka kwenye machinjio, si kwa watu wa kawaida.

Nyumba za wakimbizi zina watu wengi, hilo ni kweli. Bibi, wajukuu na shemeji hupanga pamoja kwa sababu kodi ni kubwa. Lakini hesabu za CDC zinaijibu lawama hiyo. Kati ya watu 2,403 waliokuwa karibu na wagonjwa wa Sioux Falls nje ya kazi, waliogundulika kuambukizwa ni 210, chini ya asilimia 9, wakati kiwandani ni mmoja kati ya wanne. Na kama chanzo kingekuwa utamaduni wa sebuleni, ugonjwa usingechagua idara ya kukatia na kuiacha nyuma ofisi. Walithuania wa mwaka 1904 nao waliambiwa wanaugua kifua kikuu kwa sababu ya uchafu wao, wakati madirisha ya vyumba vyao yalitazama kijito ambacho wenye machinjio walikijaza damu.

Aprili 26 mwenyekiti wa Tyson alilipia ukurasa mzima wa magazeti makubwa kuonya kwamba nyama itakosekana madukani. Siku mbili baadaye Rais Donald Trump alitia saini amri chini ya sheria ya mwaka 1950, iliyotungwa wakati wa vita vya Korea, ili viwanda vya nyama viendelee kufanya kazi. Kamati ndogo ya Bunge iliyoongozwa na James Clyburn ilikuja kubaini, katika ripoti ya Mei 2022, kwamba mawakili wa makampuni walikuwa wameandaa rasimu ya amri ya namna hiyo, na kwamba hofu ya uhaba haikuwa na msingi. Katika majira hayohayo nyama ya nguruwe ya Marekani ilikuwa ikisafirishwa kwenda China kwa wingi usiowahi kuonekana. Iowa ilitangaza kwamba mfanyakazi atakayekataa kurudi kazini atahesabiwa ameacha kazi kwa hiari, na atapoteza mafao ya wasio na ajira.

Ripoti ya CDC ya Julai 2020 ilihesabu wagonjwa 16,233 katika viwanda 239 vya nyama na kuku, na vifo 86. Miongoni mwa wale ambao asili yao ilijulikana, asilimia 87 hawakuwa wazungu. Kamati ya Clyburn, mwaka uliofuata, ilikusanya takwimu za makampuni matano makubwa peke yake ikapata waliougua wasiopungua 59,000 na waliokufa 269.

Sioux Falls waliopaza sauti kwanza walikuwa watoto. Wazazi waliogopa kutajwa majina, kwa hiyo vijana waliokulia Marekani na wanaojua Kiingereza wakaunda kundi lililojiita Watoto wa Smithfield, wakaenda mbele ya kamera na kusimama barabarani na mabango. Wengi wao walikuwa wakalimani wa familia tangu wakiwa darasa la tatu au la nne, wakiwasomea baba na mama barua za hospitali na za mwenye nyumba. Safari hii walisema yao wenyewe. Tofauti ya aliyezaliwa ng'ambo na aliyekulia Marekani, ambayo kiwandani ilimweka mzazi kwenye kisu, ilimpa mtoto ulimi wa kumtetea.

Septemba 2020 idara ya usalama kazini, OSHA, ilitoa hukumu yake kuhusu kiwanda hicho: wafanyakazi wasiopungua 1,294 walikuwa wameambukizwa na wanne wamekufa, na kampuni ilishindwa kuwalinda. Faini ilikuwa dola 13,494. Ndicho kiwango cha juu ambacho sheria iliruhusu kwa kosa la aina hiyo. Kampuni iliipinga kwanza, kisha Novemba 2021 ikakubali kulipa na kuandaa mpango wa kukabili magonjwa ya kuambukiza.

Wakongomani waliendelea kuja. Katika mwaka wa serikali ulioishia Septemba 2024, walikuwa wengi kuliko wakimbizi wa taifa jingine lolote waliopokelewa Marekani, karibu 20,000. Januari 20, 2025, amri ya rais ilisimamisha mpango mzima wa kuwapokea wakimbizi, na safari za ndege zilizokwisha kupangwa zikafutwa. Waliobaki Nyarugusu na Nakivale, wengine wakiwa wameuza mabati na baiskeli zao tayari kwa safari, wana ndugu kwenye zamu za usiku za Iowa, Nebraska na South Dakota.